Vali za mapafu: Tiba isiyohitaji kisu, lakini yenye masharti makali

MGONJWA ambaye mapafu yake yameharibika kiasi cha kushindwa kutembea kutoka chumbani hadi jikoni bila kupumzika, sasa anaweza kutibiwa kwa kutiwa vali ndogo ndani ya njia za hewa, kifua chake kisipasuliwe hata kidogo.

Tiba hii, iliyoidhinishwa Marekani mnamo Juni 2018 baada ya kutumika Ulaya kwa miaka kadhaa, imewarudishia baadhi ya wagonjwa nguvu za kutembea, kuoga na kuvaa nguo bila msaada.

Hata hivyo, huwafaa wachache. Wengi wanaopimwa hukutwa hawafai, na anayetiwa vali pasipo vipimo kamili hubaki na gharama, hatari na dhiki ile ile ya pumzi aliyokuwa nayo.

Kwa sababu hiyo, familia inayofikiria kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumpeleka mzazi ng'ambo, yafaa ielewe kwanza tiba hii hufanya nini, humfaa nani, na ni maswali yapi yanayopasa kuulizwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Pafu lililojaa hewa isiyo na kazi

Ugonjwa unaolengwa na vali hizi ni emfisema, mojawapo ya sura mbili za ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao madaktari huuita kwa kifupi COPD. Sura ya pili ni ile ya kikohozi cha miaka mingi chenye makohozi, ambapo njia za hewa zenyewe huvimba na kuwa nyembamba. Aghalabu mgonjwa huwa na zote mbili, moja ikiizidi nyingine.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), COPD iliua watu milioni 3.5 mnamo 2021, ikiwa ya nne miongoni mwa maradhi yanayoua watu wengi zaidi duniani. Karibu asilimia 90 ya vifo vya wagonjwa walio chini ya umri wa miaka 70 hutokea katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani.

Katika mazungumzo ya kila siku, sisi hutia maradhi yote ya kukosa pumzi katika kapu moja na kuyaita pumu. Mazoea hayo yana madhara. Pumu huja na kuondoka, mara nyingi huanza utotoni, na njia za hewa za mwenye pumu hufunguka tena apatapo dawa. COPD humnyemelea mtu polepole, hasa akishapita umri wa miaka 40, na pumzi aliyoipoteza hairudi yote.

Pafu lina mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, kila kimoja kikiwa na kuta laini zinazonyumbuka. Hewa ikiingia hutanuka. Mtu akitoa pumzi, kuta hizo hujirudi zenyewe na kuisukuma hewa nje, pasipo yeye kutumia nguvu yoyote.

Moshi wa sigara, ukivutwa kwa miaka mingi, hula kuta hizo. Vifuko vingi vidogo huungana na kuwa vichache vikubwa, vilivyolegea kama mpira wa kaptura iliyochakaa. Hewa huingia lakini haitoki yote, na kila pumzi mpya hupandia juu ya mabaki ya ile iliyotangulia.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa, hewa inayobaki kifuani baada ya kupuliza kwa nguvu zake zote huweza kuwa maradufu ya ile inayobaki kwa mtu mwenye afya wa umri na kimo chake. Kifua hufura mithili ya pipa. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, husukumwa chini na kuwa bapa, hata kisiweze tena kuvuta pumzi ipasavyo. Nazo sehemu za pafu ambazo bado ni nzima hubanwa pembeni na zile zilizoharibika.

Basi mgonjwa asemapo kwamba kifua kimemjaa ilhali anakosa pumzi, anaeleza kwa usahihi kabisa kinachomsibu. Dawa za kuvuta hupanua njia za hewa, lakini haziwezi kuzirudishia kuta za vifuko mnyumbuko wake.

Kutoka kisu hadi mrija

Wazo la kupunguza pafu ili kulisaidia si geni. Katika miaka ya 1950, daktari wa upasuaji Otto Brantigan wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alianza kukata vipande vya mapafu ya wagonjwa wa emfisema, akiamini kwamba sehemu zilizosalia zingepata nafasi ya kufanya kazi. Baadhi walipata nafuu. Lakini takriban mgonjwa mmoja katika kila 6 alifariki, na mbinu hiyo ikawekwa kando.

Ilifufuliwa na Joel Cooper, daktari wa upasuaji mjini St. Louis, ambaye mnamo 1995 alichapisha matokeo ya kutia moyo ya wagonjwa 20. Hospitali nyingi za Marekani ziliukimbilia upasuaji huo. Muda si muda Medicare, bima ya serikali ya wazee, ikasita kuulipia kwa vile vifo vilikuwa vingi kuliko ripoti za mwanzo zilivyodokeza.

Kilichofuata ni mfano mwema wa jinsi serikali inavyopaswa kuamua ilipie nini. Fedha za umma zilitolewa kugharamia utafiti mkubwa ulioitwa NETT, uliowahusisha wagonjwa 1,218 katika vituo 17. Nusu yao walipasuliwa, na nusu wakaendelea na dawa pamoja na mazoezi.

Mnamo 2001, utafiti ukiwa haujakamilika, wasimamizi walilazimika kutoa onyo. Kati ya wagonjwa 69 waliopasuliwa wakiwa na mapafu dhaifu kupindukia, asilimia 16 walifariki katika muda wa siku 30. Miongoni mwa wenzao 70 wenye hali kama hiyo waliotibiwa kwa dawa, hakuna aliyefariki katika muda huo. Wagonjwa wa aina hiyo hawakusajiliwa tena.

Matokeo kamili yalitolewa mnamo 2003. Kwa jumla, upasuaji haukurefusha maisha. Lakini kundi moja lilifaidika waziwazi: wagonjwa ambao uharibifu ulikuwa hasa sehemu ya juu ya mapafu, na ambao hata baada ya mazoezi waliendelea kuchoka upesi. Hao waliishi zaidi na waliweza kufanya mengi zaidi. Somo hilo la kuchagua mgonjwa kabla ya kuchagua tiba ndilo lililorithiwa na vali.

Pamoja na hayo, kufikia siku ya 90 asilimia 7.9 ya waliopasuliwa walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 1.3 ya wale wa dawa. Ndipo wataalamu wakaanza kuuliza iwapo faida ile ile haingeweza kupatikana kwa kupitia mdomoni.

Mfano wa dema

Pafu la kulia limegawanyika katika mapande 3 na la kushoto katika mapande 2. Kila pande lina tawi lake la njia ya hewa, ambalo nalo hugawanyika katika vijitawi.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Kisha daktari hupitisha bronkoskopu, yaani mrija mwembamba unaopindika na wenye kamera nchani, kupitia mdomoni hadi ndani ya mapafu. Kwa kutumia mrija huo, huweka vali katika kila kijitawi kinachoelekea pande lililoharibika zaidi. Vali 3 hadi 5 ndizo hutumika mara nyingi, na kazi yenyewe kwa kawaida haizidi saa moja.

Wasomaji wa Pwani wanalijua dema la wavuvi, ambalo samaki huingia asiweze kutoka. Vali hufanya kinyume chake. Mgonjwa akitoa pumzi au akikohoa, hewa na makohozi yaliyo nyuma ya vali hutoka. Akivuta pumzi, vali hujifunga na hewa mpya haiingii.

Siku zikipita, na pengine katika saa chache tu, pande hilo hunywea kama puto lililotobolewa. Nafasi lililokuwa likiikalia hutwaliwa na mapande mazima, nacho kiwambo hupanda na kurudia umbo lake la kuba. Hakuna nyama iliyokatwa, na vali zinaweza kutolewa iwapo hazikufaa.

Aina mbili ndizo zilizoidhinishwa Marekani: Zephyr, mnamo Juni 2018, na Spiration, ambayo ina umbo la mwavuli mdogo, mnamo Desemba mwaka huo huo. Taasisi ya NICE, ambayo hushauri hospitali za umma za Uingereza, ilikuwa imekubali matumizi ya vali hizi mnamo Desemba 2017.

Mlango wa nyuma

Safari ya kufika huko haikuwa nyepesi. Utafiti mkubwa wa kwanza wa vali za Zephyr, uitwao VENT, ulichapishwa mnamo 2010 ukiwa na wagonjwa 321, na matokeo yake yaliwavunja wengi moyo. Tofauti kati ya waliotiwa vali na wale wa kundi la ulinganisho ilikuwa asilimia 6.8 tu katika kiasi cha hewa ambacho mtu hupuliza katika sekunde ya kwanza, na mita 19 katika umbali wa kutembea kwa dakika 6.

Mambo yangeishia hapo, kama watafiti wasingechunguza ni akina nani waliopata nafuu na ni akina nani waliokosa. Picha za CT ziliwapa jibu.

Mapande ya pafu hutenganishwa na mipasuko. Katika vitabu vya shule, mipasuko hiyo huchorwa kama mistari iliyokamilika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Binadamu halisi hawakuumbwa kwa rula. Kwa watu wengi mpasuko una mapengo, na hapo penye pengo, pande moja limeungana na jirani yake na hewa hupita katikati yao.

Kwa mtu wa namna hiyo, kufunga njia kuu ya pande bovu ni sawa na kufunga mlango wa mbele wa nyumba ilhali wa nyuma uko wazi. Hewa itazunguka kupitia kwa pande la jirani na kuendelea kulijaza. Vali zitakuwa mahali pake, zimewekwa kwa ustadi wote, lakini pande halitanywea.

Tangu hapo, swali la kwanza limekuwa ni iwapo mlango wa nyuma umefungwa. Kuna njia mbili za kulijibu, na vituo bora hutumia zote mbili. Ya kwanza ni kuichambua picha ya CT kwa programu maalumu ya kompyuta, ambayo hukadiria mpasuko umekamilika kwa asilimia ngapi. Ya pili, iitwayo Chartis, hufanywa ndani ya pafu lenyewe. Daktari huziba tawi la pande linalolengwa kwa puto dogo, kisha hupima hewa inayotoka humo. Ikipungua hadi ikakoma, pande limejitenga. Ikiendelea kutoka bila kikomo, kuna mahali inakoingilia, na mgonjwa huyo hafai kutiwa vali.

Madaktari wa Groningen, Uholanzi, walitumia kipimo hicho kuwachagua wagonjwa 68 katika utafiti wa STELVIO, uliochapishwa mnamo 2015. Baada ya miezi 6, tofauti katika umbali wa kutembea kwa dakika 6 kati ya makundi mawili ilikuwa mita 74. Kwa mtu ambaye hapo awali alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, hiyo ni tofauti ya kufika msalani mwenyewe au kubebwa.

Utafiti uliowashawishi wakuu wa Marekani ni LIBERATE, uliochapishwa mnamo 2018. Kati ya wagonjwa 190, 128 walitiwa vali na 62 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 47.7 ya waliotiwa vali walikuwa wameongeza uwezo wao wa kupuliza kwa asilimia 15 au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 16.8 ya wale wengine.

Takwimu hizo zisomwe kwa makini. Hata baada ya uchaguzi mkali namna hiyo, zaidi ya nusu ya waliotiwa vali hawakufikia kiwango hicho cha nafuu.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Matangazo ya tiba hii hupenda kutumia maneno "bila kisu". Ni kweli kwamba hakuna kisu. Lakini msomaji asidhani kwamba hakuna hatari.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni hewa kuvuja kutoka katika pafu na kujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, hadi pafu zima likanywea. Katika utafiti wa LIBERATE, jambo hilo liliwapata asilimia 26.6 ya waliotiwa vali, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne. Katika siku 45 za kwanza wagonjwa 4 wa kundi la vali walifariki, ilhali hakuna aliyefariki katika kundi la pili.

La kushangaza ni kwamba mkasa huu mara nyingi huwapata wale ambao vali zimewafanyia kazi vizuri. Pande bovu linaponywea kwa ghafla, pande la jirani hutanuka upesi kujaza nafasi, na kuta zake zilizodhoofika huchanika.

Tiba ya dharura ni kupenyeza mrija kupitia mbavuni ili kuitoa hewa hiyo. Ikifanywa mapema, wengi hupona na hata kufurahia faida ya vali. Ikichelewa, mgonjwa ambaye mapafu yake hayana akiba yoyote huweza kufa katika muda mfupi. Kwa sababu visa vingi hutokea katika siku 3 za kwanza, mgonjwa hulazwa hospitalini kwa angalau usiku 3 hata akijihisi mzima. Kituo kinachomruhusu aende zake jioni ile ile si cha kuaminiwa.

Mbali na hayo, kuna nimonia, kukohoa damu kidogo, kikohozi kisichokoma, na vali kuhama mahali pake. Haya hutibika, japo wakati mwingine kwa kurudia bronkoskopu.

Njia nyingine zilizojaribiwa

Vali si mbinu ya pekee iliyobuniwa, ila ndiyo iliyothibitishwa kwa tafiti nyingi zaidi.

Koili ni nyaya zinazojikunja zenyewe zikishafika ndani ya pafu, na kulikusanya kama kitambaa kinavyokusanywa kwa uzi. Ubora wake ulikuwa kwamba hazijali mpasuko una pengo au hauna. Lakini utafiti wa RENEW wa mwaka wa 2016, uliowahusisha wagonjwa 315, ulipata nyongeza ya mita 14.6 tu katika umbali wa kutembea, huku nimonia ikiwapata asilimia 20 ya waliotiwa koili dhidi ya asilimia 4.5 ya wengine. Koili hazikuidhinishwa Marekani, na utafiti mwingine uliofuata ulikatizwa na mtengenezaji wake.

Mvuke wa maji moto pia umetumika kuchoma sehemu zilizoharibika zaidi ili zipate kovu na kusinyaa. Utafiti wa STEP-UP, wa wagonjwa 70 na uliochapishwa mwaka huo huo wa 2016, ulionyesha nafuu ya kupumua, lakini wiki za mwanzo huambatana na homa na uvimbe wa mapafu. Gundi maalumu ilijaribiwa vilevile, na utafiti wake ukasimamishwa kabla ya wakati. Siku hizi gundi hiyo inachunguzwa kwa kazi tofauti, yaani kuziba mapengo ya mipasuko ili wagonjwa waliokataliwa waweze kutiwa vali. Wazo la kutoboa vijia vipya vya kutolea hewa, lililopimwa katika utafiti wa EASE na kuchapishwa mnamo 2011, halikuleta faida iliyodumu.

Upasuaji nao haujazikwa. Unaendelea kufanywa kupitia matundu madogo kifuani, na utafiti wa CELEB wa Uingereza, uliochapishwa mnamo 2023 ukiwa na wagonjwa 88, haukupata tofauti ya maana kati ya upasuaji na vali baada ya mwaka mmoja. Waliotiwa vali walikaa hospitalini kwa siku chache kuliko waliopasuliwa. Kupandikizwa pafu jipya hubaki kuwa tegemeo la mwisho kwa wachache mno.

Moshi wa jikoni na makovu ya kifua kikuu

Tafiti zote hizo zilifanywa hasa Ulaya na Marekani, ambako kiini kikuu cha COPD ni sigara. WHO hukadiria kwamba katika mataifa tajiri uvutaji wa tumbaku husababisha zaidi ya asilimia 70 ya visa, lakini katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani ni kati ya asilimia 30 na 40 pekee. Hapa Kenya kuna moshi wa kuni na makaa katika jikoni zisizo na dirisha, vumbi la kazini, na kifua kikuu kilichopona lakini kikaacha makovu.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Wachunguzi waliolinganisha wagonjwa wa sigara na wale wa moshi wa kuni wamekuta kwamba moshi wa kuni huharibu zaidi njia zenyewe za hewa, na hauachi emfisema nyingi kama sigara. Mama aliyepikia kuni kwa miaka 40 anaweza kuwa hoi kwa kukosa pumzi, na bado asiwe na lile pande lililofura ambalo vali hukusudiwa kulinywesha.

Kifua kikuu nacho huacha makovu yanayoligandisha pafu kwenye ukuta wa kifua na kuyavuruga mapande, na kulifanya lisiweze kunywea kwa urahisi. Kwa hivyo asilimia za nafuu zilizopatikana Groningen au Marekani zisichukuliwe kana kwamba zinamhusu kila mgonjwa wa Kakamega au Machakos.

Masharti ya kawaida ni kwamba mgonjwa awe ameacha kabisa sigara, kipimo cha spirometa kionyeshe kwamba uwezo wake wa kupuliza uko kati ya asilimia 15 na 45 ya ule unaotarajiwa, na hewa iliyonaswa kifuani iwe imezidi kiwango cha kawaida kwa takriban asilimia 75 au zaidi. Sharti jingine ni kwamba awe amekwisha kupata dawa zinazofaa na kukamilisha mazoezi ya mapafu chini ya uangalizi.

Sharti hilo la mazoezi hupuuzwa kwa urahisi, pengine kwa sababu halina mtambo wa kuvutia macho. Ilhali ndilo lenye bei nafuu na lisilo na hatari ya kulichana pafu. Nchini Uganda, wagonjwa walioachiwa makovu na kifua kikuu walifanyishwa mazoezi kwa wiki 6, na kulingana na ripoti ya 2017 uwezo wao wa kutembea uliongezeka na maumivu ya kifua yakapungua. Kutembea, kuinuka na kuketi kitini, na kujifunza kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobinywa ni mambo yanayoweza kufundishwa katika ukumbi wa kanisa au madrasa.

Oksijeni ya nyumbani huwafaa wale ambao kiwango chake katika damu kimeshuka sana hata wakiwa wamepumzika. Tafiti mbili, ya Marekani ya 1980 na ya Uingereza ya 1981, zilionyesha kwamba ikitumiwa kwa angalau saa 15 kila siku hurefusha maisha ya wagonjwa hao. Kwa wale ambao upungufu wao ni wa wastani, utafiti wa 2016 haukuona faida hiyo. Familia isinunue mtambo wa oksijeni kabla ya kupima, na ikinunua, ikumbuke kwamba mtambo huo hutegemea umeme usiokatika.

Maswali kabla ya safari

Mgonjwa anayeshauriwa kwenda ng'ambo aanze kwa kuuliza iwapo picha zake za CT zinaweza kutumwa kwanza na kuchambuliwa kabla yeye hajapanda ndege. Mpasuko wenye mapengo makubwa huonekana katika picha hizo, na jibu la "hapana" linalopatikana akiwa nyumbani humwokolea nauli na mashaka.

Aulize pia kama kituo hicho kina kipimo cha puto, ni wagonjwa wangapi waliotiwa vali huko, wangapi walipata mvujo wa hewa, na ni nani anayekuwa zamu usiku mwenye ujuzi wa kuweka mrija wa kifua. Bei anayotajiwa iwe imejumuisha siku za ziada za kulazwa, kwa maana mvujo unaweza kumrudisha kitandani kwa wiki kadhaa.

Suala la ndege lisisahaulike. Hewa ndani ya ndege husawazishwa na ile ya mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi, sawa na kukaa Nyahururu na kidogo zaidi. Hewa iliyonaswa mahali pasipo na njia hutanuka katika mwinuko huo. Aliyevujiwa na hewa kifuani hushauriwa asisafiri kwa ndege hadi ipite angalau wiki moja tangu eksirei ithibitishe kwamba hewa yote imeondoka, na mwenye mapafu dhaifu huenda akaambiwa asubiri zaidi. Mpango wa kwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa kwa hivyo haufai, hata ukiwa wa bei rahisi.

Akirejea, kwa wiki 6 za kwanza akae karibu na hospitali yenye eksirei na daktari anayeweza kuweka mrija wa kifua. Jamaa zake wafahamu kwamba maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua, au pumzi kukatika kuliko kawaida, ni dharura ya kukimbiza hospitalini saa hiyo hiyo.

Awe pia na karatasi iliyoandikwa waziwazi aina ya vali, idadi yake na pande lililotiwa. Daktari wa zamu katika hospitali ya kaunti, ambaye huenda hajawahi kuona kitu kama hicho katika eksirei, ataihitaji karatasi hiyo saa nane za usiku.